Chuo kimesajiliwa, je kozi? Jinsi ubora wa elimu ya juu unavyolindwa katika zama za simu na intaneti

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu ya studio yetu hupokea maswali yanayofanana. Mzazi ameuza mahindi au ng'ombe, fedha ya ada ipo mkononi, na kijana ameonyeshwa tangazo la chuo kwenye simu. Tangazo lina picha ya majengo mazuri, namba ya WhatsApp na maneno "kimesajiliwa na Serikali". Mzazi anauliza: tulipe au tusilipe?

Makala haya yanaeleza nani anakagua vyuo vikuu nchini Tanzania, wanakagua nini, na teknolojia imebadilisha nini katika kazi hiyo. Mwishoni tumeweka hatua ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifuata kabla ya kutoa fedha.

Uthibiti ubora ni nini?

Ukinunua mbegu dukani huwezi kujua kwa macho kama itaota. Unategemea kwamba kuna mtu aliyeipima kabla haijafika kwako. Shahada nayo ni hivyo hivyo. Mwajiri hawezi kumrudisha muuguzi au mhandisi darasani ili ajue alifundishwa nini. Anategemea kwamba chuo kilikaguliwa, mtaala ulipitiwa, walimu walikuwa na sifa na mitihani ilisimamiwa.

Ukaguzi huo ndio unaoitwa uthibiti ubora, nao una pande mbili. Upande wa ndani unafanywa na chuo chenyewe. Mtihani hupitiwa na mhadhiri mwingine kabla ya kutolewa, wanafunzi hujaza fomu za kutathmini ufundishaji, na mtahini wa nje, yaani mhadhiri kutoka chuo kingine, hualikwa kuangalia maswali, majibu na alama. Upande wa nje unafanywa na mamlaka ya Serikali ambayo inaweza kukinyima chuo ruhusa ya kupokea wanafunzi.

Hapa nchini kazi hii ilianza na elimu ya chuo kikuu yenyewe. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa zilikuwa za London. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa muda mrefu vyuo vikuu vilikuwa vya umma na vya kuhesabika.

Mambo yalibadilika miaka ya 1990 milango ilipofunguliwa kwa vyuo binafsi. Mwaka 1995 liliundwa baraza la ithibati la elimu ya juu ili kukagua vyuo hivyo. Mwaka 2005 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo inasimamia vyuo vikuu vya umma na vya binafsi kwa pamoja.

Nani anasimamia nini?

Wasikilizaji wengi huchanganya taasisi hizi, kwa hiyo tuzitenganishe.

TCU inasimamia vyuo vikuu, yaani shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu.

NACTVET ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Lilijulikana kwa jina la NACTE hadi mwaka 2021. Kozi nyingi za astashahada na stashahada, zikiwemo za vyuo vya afya, ziko chini yake.

NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ndilo lenye kumbukumbu za vyeti vya kidato cha nne na cha sita.

HESLB ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Haikagui vyuo, lakini mkopo wake ni kwa wanafunzi waliodahiliwa katika vyuo vinavyotambuliwa. Kijana akiingia chuo kisichotambuliwa, mlango wa mkopo nao unafungwa.

Ukivuka mpaka, Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Vyuo vya nchi za Jumuiya vinaunganishwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, lengo likiwa shahada ya nchi moja ikubalike katika nchi nyingine bila usumbufu. Hilo linawezekana tu kama kila nchi inaamini ukaguzi wa mwenzake.

Chuo kimoja, kozi nyingi

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina majengo na wahadhiri, lakini kozi moja ndani yake haina ithibati. Au kampasi kuu inatambuliwa, wakati tawi lililofunguliwa mkoani halina kibali cha kufundisha kozi hiyo.

Sababu ni kwamba ithibati haitolewi kwa jina la chuo tu. Kila programu ya masomo hukaguliwa peke yake: mtaala wake, wahadhiri wake, maabara, vitabu, na idadi ya wanafunzi inayoweza kuhudumiwa. Chuo kinaweza kuwa na wahadhiri wa kutosha wa ualimu na kikakosa maabara ya kufundishia famasia.

Mwaka 2016 TCU ilifuta kibali cha kampasi ya chuo kikuu kimoja binafsi iliyokuwa Songea, na wanafunzi wakalazimika kuhamishiwa vyuo vingine. Mwaka uliofuata, Julai 2017, baada ya ukaguzi wa vyuo vya nchi nzima, Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Hatua iliyozungumzwa kidogo siku hiyo ilikuwa nyingine: kozi 75 katika vyuo vingine 22 nazo zilizuiwa kupokea wanafunzi. Yaani vyuo hivyo 22 viliendelea na kazi, milango wazi na matangazo yakiendelea, lakini si kila kozi iliruhusiwa. Vyuo kadhaa vilirekebisha kasoro na kurudishiwa ruhusa baadaye.

Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe "chuo hiki kimesajiliwa?" peke yake. Liwe hivi: kozi hii, katika kampasi hii, mwaka huu, inaruhusiwa kupokea wanafunzi?

Jibu lipo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka katika tovuti yake, tcu.go.tz. Mwongozo huo unaorodhesha vyuo, kozi za kila chuo, muda wa kila kozi na sifa za kujiunga nayo. Kozi isiyomo kwenye mwongozo wa mwaka huo, usiilipie kabla hujapata maelezo kutoka TCU yenyewe.

Udahili umehamia kwenye simu

Mwaka 2010 TCU ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo maombi ya vyuo yalipitia dirisha moja la mtandaoni. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo anachokitaka. Majina ya waliochaguliwa bado hupitia TCU ili kuhakikisha kwamba mwombaji ana sifa.

Kigezo cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita wa sasa ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayohitajika kwa kozi husika. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kufikisha 4.0, lakini D na E hazitoshi. Kozi nyingine, hasa za afya na uhandisi, zina masharti makali zaidi. Anayetokea stashahada anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, inayojulikana kama AVN, ambayo hutolewa na NACTVET kuonyesha kwamba stashahada yake ni ya kweli.

Mfumo huu umepunguza safari za kupeleka fomu mjini, lakini umeleta tatizo jipya vijijini. Mwombaji asiye na simu janja huenda stesheneri. Mwenye stesheneri, kwa kutaka kumaliza haraka, anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Neno la siri analijua yeye.

Majina yakitoka, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalum ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe unakwenda kwenye simu iliyoandikwa wakati wa kuomba. Kama simu hiyo ni ya stesheneri, kijana yuko shambani na siku za kuthibitisha zinahesabika. Asipothibitisha ndani ya muda uliotangazwa, anaweza kupoteza nafasi aliyoipata kwa haki.

Ushauri wetu ni mwepesi. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, na laini hiyo isibadilishwe hadi uwe umeripoti chuoni. Andika neno la siri kwenye daftari. Ujumbe wa namba ya siri usipofika, ingia kwenye akaunti yako ya maombi katika mfumo wa chuo na uombe kutumiwa tena. Namba hiyo usimtajie mtu anayekupigia akidai anatoka chuoni.

Kusoma kwa mtandao: shahada ni ile ile?

Kusoma mbali na chuo si jambo geni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kumfikia mtu ambaye hawezi kuacha kazi, shamba au familia. Zamani mwanafunzi wake alitegemea vitabu na vifurushi vya masomo. Leo masomo mengi hupitia mtandaoni, na chuo kina vituo mikoani. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona hadi Juni mosi, na vyuo ambavyo havikuwa vimezoea kufundisha kwa mtandao viliona pengo hilo.

Je, aliyesoma kwa simu amesoma kidogo? Kuna kipimo kinachosaidia kujibu. Mfumo wa TCU huhesabu masomo kwa krediti, na krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo ni pamoja na mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Kipimo ni kile kile kwa anayekaa darasani na anayesoma kutoka nyumbani.

Sasa chukua tangazo linalosema "shahada kwa miezi sita". Miezi sita ni siku 180 hivi. Ukigawa saa 3,600 kwa siku 180 unapata saa 20 za kusoma kila siku, bila Jumapili wala Ijumaa. Hakuna binadamu anayesoma hivyo. Hesabu hiyo fupi inatosha kulijibu tangazo.

Kwa kozi halali ya mtandaoni, ubora unaonekana katika mambo machache. Je, mhadhiri anajibu maswali, au unatumiwa mafaili tu? Kazi ulizowasilisha zinasahihishwa na kurudishwa na maoni? Mitihani inasimamiwa wapi na nani? Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi? Na je, masomo yanaweza kupakuliwa wakati mtandao upo ili yasomwe baadaye bila bando? Kwa mtu anayepanda kilimani kutafuta mtandao, hilo la mwisho si dogo. Kozi inayotaka mwanafunzi awe hewani kwa video saa tatu kila jioni inaweza kuwa nzuri kwa wa mjini na isimfae kabisa wa kijijini. Uliza kabla ya kulipa.

Akili mnemba na kazi za wanafunzi

Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa programu ya ChatGPT. Mwanafunzi anaandika swali, na programu inamwandikia insha nzima ndani ya dakika moja. Kabla ya hapo vyuo vilipambana na mchezo wa kunakili kazi ya mtu mwingine, ambao wanafunzi wanauita kudesa, na programu za kulinganisha maandishi ziliweza kuugundua. Insha ya akili mnemba ni ngumu zaidi kuikamata kwa sababu haikunakiliwa neno kwa neno kutoka mahali fulani.

Zipo programu zinazodai kuitambua, lakini haziaminiki kikamilifu. OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi hayo, kisha ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Hatari iko pande mbili: mdanganyifu anaweza kupita, na mwanafunzi aliyeandika kwa jasho lake anaweza kutuhumiwa.

Kwa hiyo uthibiti ubora unarudi kwenye njia za zamani: mtihani wa chumbani wenye msimamizi, mwanafunzi kueleza kazi yake kwa mdomo mbele ya wahadhiri, na kazi ya vitendo inayoonekana kwa macho. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kuandikiwa ripoti ya viwavi jeshi na mashine. Akipelekwa shambani na kuulizwa ameona nini kwenye jani, mashine haimsaidii.

Mwanafunzi ajilinde pia. Ahifadhi rasimu zake, aandike vyanzo alivyotumia, na aulize mapema chuo chake kinaruhusu matumizi gani ya akili mnemba. Vyuo havifanani katika hilo.

Vyeti vya kughushi na vyuo hewa

Kompyuta na mashine za kuchapa zimerahisisha kutengeneza cheti cha uongo. Lakini teknolojia hiyo hiyo imerahisisha kukigundua. Aprili 2017 Serikali ilipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma: watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki huo ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, vilivyolinganishwa na kumbukumbu za NECTA. Wengi walikuwa kazini miaka mingi, wana familia na mikopo ya benki. Cheti cha uongo kinaweza kumvusha mtu kwenye usaili, kisha kikamfuata akiwa na watoto watatu shuleni.

Kuna pia vyuo hewa, ambavyo ni tovuti tu. Mei 2015 gazeti la New York Times la Marekani liliandika kuhusu Axact, kampuni ya Karachi nchini Pakistan, iliyoendesha tovuti nyingi za vyuo visivyokuwepo na kuuza shahada kwa watu wa nchi mbalimbali. Mwaka 2017 ofisa wake mmoja alihukumiwa Marekani kifungo cha miezi 21. Tovuti hizo zilikuwa na picha za wanafunzi wanaotabasamu, majina yanayofanana na ya vyuo vikubwa, na hata "mabaraza ya ithibati" ambayo nayo yalikuwa ya kubuni. Funzo kwetu ni kwamba alama ya ithibati iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo haithibitishi kitu. Uthibitisho hutafutwa kwa aliyetoa ithibati.

Anayetaka kusoma nje ya nchi azingatie mambo mawili. TCU hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi anayekwenda nje, baada ya kuangalia chuo anachokwenda na sifa zake. Na akirudi, shahada yake ya nje hupelekwa TCU ili itambuliwe. Wakala akikwambia hayo hayana haja, mwache na safari yake.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa

1. Andika kwenye karatasi jina kamili la chuo, la kampasi na la kozi. Jina linalofanana na la chuo kingine si chuo hicho.

2. Fungua tcu.go.tz kwa kozi ya shahada, au tovuti ya NACTVET, nactvet.go.tz, kwa astashahada na stashahada. Andika anwani mwenyewe, usipitie kiungo ulichotumiwa kwa meseji. Tovuti za Serikali huishia na .go.tz, na za vyuo vya nchini kwa kawaida huishia na .ac.tz.

3. Tafuta kozi yako kwenye mwongozo wa mwaka huu. Wa mwaka jana hautoshi.

4. Linganisha sifa zilizoandikwa na matokeo yako. Chuo kikikuambia "njoo tu, tutarekebisha", hiyo ni dalili mbaya.

5. Lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa chuo. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anajiita afisa udahili.

6. Tunza risiti, barua ya udahili na meseji zote. Zipige picha na umtumie ndugu mmoja, ili simu ikipotea ushahidi usipotee nayo.

Kama huna simu janja, hatua hizi bado zinawezekana. Mwalimu wa sekondari ya kata, mtendaji au kijana aliyeko chuoni anaweza kukufungulia mwongozo huo kwa dakika chache. Kaa naye, usome jina la kozi kwa macho yako.

Na kama tayari uko chuoni na unaona mambo hayaendi, kwa mfano somo halina mhadhiri muhula mzima au matokeo hayatoki, anza na serikali ya wanafunzi na ofisi ya uthibiti ubora ya chuo. Peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Yasiposikilizwa, TCU au NACTVET hupokea malalamiko ya wanafunzi. Fomu ya kutathmini mhadhiri mwisho wa muhula nayo ijaze kwa ukweli, maana wakaguzi wakija huitumia kujua nini kilifanyika darasani.